Istilahi za Programu za Usanifu wa Saketi: Uhakiki kwa Mtazamo wa Fundi wa Mpanda

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi ambazo watafsiri na walimu wetu huzitumia wanapozungumzia programu za kompyuta za kusanifia saketi za elektroniki. Pamoja na hayo tutaonyesha kwamba uchaguzi wa programu yenyewe, na wa mfumo endeshi unaoibeba, umefungamana na uchaguzi wa maneno kuliko inavyodhaniwa. Mtu anayechagua programu huwa amechagua pia, kwa kujua au kwa kutojua, ni nani atakayekuwa na mamlaka juu ya lugha itakayoonekana katika kiwambo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili litazamwe kutoka Mpanda, wala si kutoka Dar es Salaam au Dodoma. Tunazo sababu tatu. Kwanza, Mkoa wa Katavi ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na uko mbali na maduka makubwa ya vipuri na vyuo vikuu vya uhandisi. Pili, kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulipata umeme wa mitambo ya dizeli isiyounganishwa na Gridi ya Taifa, na vijiji vingi vikategemea sola. Kwa sababu hiyo ufundi wa inveta, vidhibiti vya chaji, redio na taa ni kazi inayomlisha mtu na kuwahudumia majirani zake. Tatu, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mafundi wa huko. Mpimbwe, Mbende, Mkonongo, Mfipa na Msukuma hukaa meza moja na vijana wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Istilahi isiyoeleweka katika karakana ya namna hiyo haina msaada mwingine wa kukimbilia.

Hivyo basi kipimo chetu katika uhakiki huu ni fundi mmoja tu wa kufikirika: kijana aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, aliyepita sekondari kwa Kiingereza cha kubahatisha, na ambaye sasa anajifunza kuchora saketi kwa kompyuta. Istilahi ikimfaa huyo, tutaisifu. Ikimpotosha, tutasema, hata kama imekwisha kupigwa chapa.

2. Programu Gani, na kwa Mfumo Endeshi Upi?

Kabla ya kuhakiki maneno yatupasa tukijue kitu chenyewe. Programu ya usanifu wa saketi hufanya kazi tatu. Humwezesha mtu kuchora mchoro wa saketi kwa alama, kupanga vijenzi na njia za shaba juu ya bodi, na aghalabu kuiga tabia ya saketi kwa hesabu kabla haijaundwa. Kazi hii ya tatu ina asili yake katika programu ya SPICE iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Programu nyingi za uigaji zinazotumika leo ni vizazi vya hiyo.

Programu ya namna hii haifanyi kazi peke yake. Huhitaji mfumo endeshi. Uhusiano huu waelezeka kwa reli. Behewa linalofika Mpanda kutoka Tabora kwa kupitia Kaliua limeundwa kwa reli yenye upana wa mita 1. Haliwezi kuvutwa likaingia katika reli ya TAZARA, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Hapana kasoro katika behewa wala katika reli. Tofauti ni ya kipimo. Ndivyo ilivyo programu iliyoundwa kwa Windows pekee: haipandi Linux kwa sababu tu kwamba mwenyewe anaitaka.

Zipo programu za namna nyingi. Altium Designer ni programu kubwa inayoheshimiwa na wahandisi, lakini imeundwa kwa Windows, na bei ya leseni yake si ya karakana ndogo. EAGLE, iliyoanza mwaka 1988, ilipendwa na wanafunzi kwa sababu ilipanda Windows, Linux na kompyuta za Apple, tena ilikuwa na toleo la bure. Mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Autodesk, ikageuzwa kuwa ya kulipiwa kwa ada ya kila muda. Na mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba mwisho wake ni Juni 2026. Zipo pia programu zinazofanyia kazi zote katika mtandao. Hizo humtaka mtumiaji awe na intaneti kila anapochora, sharti ambalo ni zito mahali ambapo umeme na mawimbi ya simu havitabiriki.

Iliyobaki, nasi tunaona ndiyo inayofaa zaidi kwa haja tuliyoitaja, ni KiCad. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa, na tangu mwaka 2013 wataalamu wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo Geneva, wamechangia kuikuza. Hupanda Linux, Windows na kompyuta za Apple. Tangu toleo la 5 la mwaka 2018 imeunganishwa na programu ya uigaji iitwayo ngspice, ambayo ni mmoja wa wajukuu wa SPICE. Hupatikana ndani ya hazina ya Debian na ya Ubuntu, kwa hiyo mwalimu aweza kuipakua mara moja, akaigawa kwa wanafunzi kwa flashi, na ikatumika bila intaneti. Maumbo ya vijenzi ya pande tatu, ambayo ndiyo yanayokula nafasi nyingi katika diski, yaweza kuachwa.

Suala la mfumo endeshi limepata uzito mpya tangu Oktoba 2025, ambapo Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotumika ambazo hununuliwa kwa bei ndogo hazikidhi masharti ya Windows 11, hali Linux bado huziendesha. Kwa hiyo mwalimu wa Mpanda anayechagua KiCad juu ya Linux hafuati mtindo. Ameitazama mashine aliyonayo mezani.

Isidhaniwe kwamba tunaisifu KiCad bila kipimo. Ina kasoro zake. Jalada lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani, hata darasa zima likalazimika kukubaliana juu ya toleo moja. Uigaji wake hauna maana ikiwa mtumiaji hana vielelezo vya hesabu vya vijenzi vyake. Tena ni programu pana yenye maneno maelfu, na maneno hayo yameandikwa kwanza kwa Kiingereza. Hapo ndipo linapoanza jukumu letu.

3. Kwa Nini Uchaguzi wa Programu ni Uchaguzi wa Lugha

Katika programu iliyofungwa, maneno ya kiwambo ni mali ya kampuni. Kampuni ikiona soko la Kiswahili ni dogo, basi Kiswahili hakitaingia, hata kama Baraza limesanifisha istilahi zote. Katika KiCad maneno ya kiwambo yamewekwa katika majalada ya pembeni, mbali na amri za programu. Mfasiri huandika Kiswahili mkabala wa kila sentensi ya Kiingereza bila kugusa uhandisi wa ndani, na hahitaji kuomba ruhusa ya kuuza wala kununua. Mlango u wazi. Linalotakiwa ni mtu wa kuingia akiwa na maneno yanayofaa.

Hapa yatupasa tusifu kwanza lugha yetu. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisicho na minyororo, na wenye lugha hiyo wamelazimika kueleza tofauti hiyo tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Kiswahili kina *bure*, kina *huru*, na kina *huria*. Toleo la EAGLE waliloligawa kwa wanafunzi lilikuwa programu ya bure. Lilipoondolewa, mwanafunzi hakuwa na la kusema. KiCad ni programu huria: mtu anayo haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Ofisi inayoandika "programu ya bure" katika barua ya ununuzi, hali ikikusudia "programu huria", imeuficha uamuzi muhimu kuliko wote. Twawasihi watumishi wa serikali wasizichanganye.

Tunalo pia fundisho la historia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, kwani iliondoa ile hoja ya kwamba Kiswahili hakiwezi kukaa katika kiwambo. Lakini programu ni kitu kinachokua. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, likazaliwa tawi la LibreOffice, na kila toleo jipya likaja na maneno mapya. Tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu, ambayo ikishapigwa chapa imekwisha. Hufanana na shamba: lisipopaliliwa kila msimu hurudi kuwa pori. Watafsiri wa KiCad watakaokuja hawana budi kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

4. Kanuni ya Kuhakiki: Mfano wa Neno *Risasi*

Taratibu za kuunda istilahi zinajulikana kwa wasomaji wa jarida hili. Huanza kutafutwa neno katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho hukopwa kutoka lugha za kigeni. Njia hii imetupa maneno mema. *Ikulu*, lililotoka kwa majirani wa Katavi, yaani Wanyamwezi na Wasukuma, ni mojawapo. Lakini utaratibu huo hueleza mahali pa kutafuta. Hauelezi namna ya kuhukumu kilichopatikana.

Aghalabu istilahi hukataliwa kwa hoja kwamba neno hilo "lina maana nyingine". Tunaona hoja hiyo, ikiachwa hivyo hivyo, haitoshi. Tuchukue neno *risasi*. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi, na katika miaka ya 1950 mgodi huo wa Mpanda ulitoa risasi, madini ambayo yakichanganywa na bati hutumiwa na fundi kulehemu. Neno hilohilo ni jina la kile kitokacho katika bunduki. Hata hivyo hapana fundi aliyepata kuogopa waya wa kulehemu kwa sababu ya jina lake. Maana mbili zimekaa katika nyanja mbili zilizo mbali, na mazingira hutenganisha.

Kutokana na mfano huo tunatoa kanuni hii: neno lenye maana mbili katika nyanja mbili zilizo mbali halina madhara, neno lenye maana mbili ndani ya nyanja moja ni hatari. *Bodi* ya wakurugenzi haiwezi kuchanganywa na bodi ya redio. Lakini yako maneno ambayo maana zake zote mbili huketi juu ya meza moja ya fundi, na hayo ndiyo tunayoyahakiki sasa.

5. Uhakiki wa Istilahi

(a) *Saketi* na *mzunguko*. Wako walimu wanaoshikilia *mzunguko* kwa sababu ni neno la Kiswahili na picha yake yaonekana. Kwa kanuni yetu neno hili lina kasoro. Umeme wa majumbani nchini mwetu hugeuka huku na huko mizunguko 50 kwa sekunde. Hapo tayari tuna mizunguko ndani ya mzunguko. Mota nayo ina mizunguko yake kwa dakika. Tena saketi iliyokatika haizungushi kitu, ilhali bado ni saketi. *Saketi* ni neno la mkopo, lakini ni fupi, halina mpinzani katika uwanja wake, na huzaa vizuri: saketi wazi, saketi funge, saketi jumuishi. Mafundi wengi husema *sakiti*; tofauti hiyo ya irabu haitudhuru, ila katika maandishi tushikamane na umbo moja.

(b) *Mfumo endeshi*. Maneno matatu yanashindana: *mfumo wa uendeshaji*, *mfumo tendaji* na *mfumo endeshi*. La kwanza limekwisha kutwaliwa na utawala. Mtumishi akisoma "mfumo wa uendeshaji wa chuo" hufikiria wakuu wa idara na vikao, wala hafikirii Linux. La pili hukumbusha kamati tendaji na katibu mtendaji, na kwa kuwa barua za kuombea kompyuta hupita mezani kwa watu haohao, mgongano ni wa kweli. *Mfumo endeshi* halina deni kwa mtu. Hueleza kazi, yaani ule mfumo uiendeshao mashine na kuziwezesha programu nyingine kwenda. Tunaliunga mkono.

(c) *Maunzi laini*. Hili tunalikataa. Limefuata Kiingereza neno kwa neno, likidhani kwamba ulaini na ugumu ndio asili ya jambo. Fundi wa Mpanda anayesikia "maunzi laini" atafikiria sifongo au mpira. *Programu* limekwisha kuzoeleka mijini na vijijini. *Maunzi* peke yake latosha kwa vitu vinavyoshikika.

(d) *Usanifu*, *uchoraji* na *uigaji*. Baadhi ya matangazo ya mafunzo husema "programu ya kuchorea saketi". Kuchora ni sehemu tu ya kazi. Programu ya kuchorea picha haijui kwamba mstari umegusa alama. Programu ya usanifu hujua, hukagua na hukataa. Kwa hiyo *usanifu* ndilo neno. Na kile kitendo cha kujaribu saketi kwa hesabu tukiite *uigaji*, tusikiite *uigizaji*, neno ambalo limeshikwa na jukwaa la tamthilia na hubeba wazo la kujifanya.

(e) Alama ya GND. Hapa twaomba msomaji atulie, kwa maana sasa tunazungumzia uhai wa mtu. Neno la Kiingereza lililofupishwa kwa herufi hizo lina maana ya udongo au ardhi, na wako wanaolitafsiri moja kwa moja kuwa *ardhi*. Katika usanifu wa saketi GND ni nukta ambayo volti nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Ndiyo sifuri ya hesabu. Tochi yenye betri ina GND, na haijagusa udongo hata siku moja. Kwa upande mwingine, katika nyumba yenye umeme uko waya wa *ethi*, unaoshuka hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini ili kumlinda mtu. Vitu hivi ni viwili.

Sasa fikiri chaja ya bei ndogo au taa ambayo saketi yake imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230, bila transforma ya kuitenga. Katika saketi hiyo nukta ya GND yaweza kuwa na volti za kuua ikilinganishwa na sakafu anayosimama fundi. Kijana aliyefundishwa kwamba GND ni "ardhi", na ambaye anajua kwamba ardhi ni salama, ataishika. Tafsiri iliyo sahihi katika kamusi itakuwa imemuua mtu katika karakana. Wala *hasi* halitufai, kwa kuwa zipo saketi ambazo GND iko katikati, yenye volti chanya juu yake na volti hasi chini yake.

Tunapendekeza *nukta rejea* kwa GND, *ethi* kwa waya wa usalama kama mafundi wanavyosema, na *ardhi* libaki kuwa jina la udongo. KiCad yenyewe ina alama tofauti kwa GND, kwa ethi na kwa umbo la chuma la kifaa. Haitupasi sisi kuunganisha kwa neno kile ambacho programu imekitenga kwa alama.

(f) *Mkao* wa kijenzi. Kila kijenzi kina umbo la shaba juu ya bodi ambamo miguu yake hulehemiwa. Kiingereza huliita kwa jina la alama iachwayo na wayo, na tafsiri ya haraka ni *nyayo*. Picha hiyo ni ya kinyume. Unyayo huachwa na aliyekwisha kupita, hali umbo hili huandaliwa kabla kijenzi hakijafika. Wengine wangependekeza *kikalio*, nalo lingefaa kwa maana, ila darasa la vijana litacheka na mwalimu hatamaliza somo. Adabu pia ni kigezo cha istilahi. Tunaona *mkao* lafaa: ni Kiswahili, ni fupi, laeleza namna kijenzi kinavyokaa, na lina wingi ulio mwepesi. Hivyo tutapata *maktaba ya mikao*, sambamba na *maktaba ya alama*.

(g) Kipimo cha *mil*. Programu hizi hupima kwa milimita na pia kwa kipimo cha Kiingereza kiitwacho *mil*, ambacho ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254. Mwanafunzi aliyezoea milimita huliona neno hilo kuwa ni ufupisho wake. Umbali wa kawaida kati ya miguu ya saketi jumuishi za kizamani ni mil 100, yaani milimita 2.54, akiandika 100 mahali panapotaka milimita, bodi yake itakuwa kubwa kuliko meza. Upotovu wa kinyume hauonekani kwa macho na kwa hiyo ni mbaya zaidi: njia ya shaba iliyotakiwa iwe na upana wa milimita 2 ikiandikwa mil 2 itakuwa nyembamba kuliko unywele, na itaungua mkondo ukipita. Kukopa *mili* kungeongeza mtego. Tunapendekeza *elfu ya inchi*, neno refu kidogo lakini lisilodanganya.

(h) *Kosa*, *onyo* na *hitilafu*. Programu ikikagua mchoro hutoa taarifa za aina mbili: zile zinazozuia kazi na zile zinazotahadharisha tu. Tafsiri nyingi za kompyuta huchanganya *kosa*, *hitilafu*, *tatizo* na *dosari* kana kwamba ni mapambo ya mtindo. Katika insha, kubadilisha maneno ni ufasaha. Katika istilahi ni uzembe. Tunashauri *kosa* liwe la mchoro, *onyo* liwe la tahadhari, na *hitilafu* liachiwe kifaa kilichoharibika. Fundi akisikia "hitilafu" achukue mita. Akisikia "kosa" arudi kwenye kompyuta.

6. Kasoro ya Orodha za Jozi

Mpaka hapa tumehakiki neno moja moja. Iko kasoro moja ya jumla ambayo imezizaa nyingine. Kwa muda mrefu kazi ya istilahi imeandaliwa kama orodha ya jozi: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Mfululizo wa *Tafsiri Sanifu*, ulioanza kutolewa na Baraza katika miaka ya 1970, ulitusaidia mno kwa njia hiyo, na katika wakati ule haja ilikuwa ni kupata neno upesi ili ofisi za serikali ziweze kuandika. Lakini jozi haina fasili. Anayesoma "GND: ardhi" hana njia ya kujua kwamba ametegwa. Laiti mtunzi angelazimika kuandika sentensi moja ya kueleza kitu chenyewe, angeona mwenyewe kwamba ardhi haimo.

Vilevile juhudi zetu zimeelemea upande mmoja. Mjadala wa jina la mashine, kama iwe *kompyuta*, *tarakilishi* au *ngamizi*, umekula wino mwingi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Hatuudharau mjadala huo. Hata hivyo hapana fundi aliyepata kuunguza bodi kwa sababu mashine yake iliitwa kompyuta badala ya tarakilishi. Maneno madogo yaliyo ndani ya programu, ambayo hayana mvuto wa kujadiliwa magazetini, ndiyo yanayomgusa mtumiaji mkononi.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba fundi apewe Kiingereza chote kama kilivyo, ili asipotee akisoma vitabu vya nje. Hoja hii ina nguvu yake, nasi hatupendekezi herufi GND zifutwe katika alama, kwa maana zimeandikwa katika bodi zote duniani. Lakini kuitambua alama si kuielewa. Fundi anayejua kwamba GND huandikwa hivyo, na ambaye anajua kwa Kiswahili kwamba hiyo ni nukta rejea, amejua mara mbili. Aliyekariri herufi tatu bila maana hajajua hata mara moja.

7. Hitimisho na Mapendekezo

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili Kiswahili kiweze kubeba kazi za taifa. Kazi za taifa leo zimo pia katika karakana ya Mpanda, chini ya paa lenye paneli ya sola. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(i) Vyuo vya ufundi vinavyochagua programu ya usanifu wa saketi vitazame, pamoja na bei na uwezo wa mashine, iwapo programu hiyo yaruhusu kutafsiriwa. Kwa sasa KiCad juu ya Linux hukidhi masharti hayo.

(ii) Kila istilahi itolewe pamoja na fasili yake kwa Kiswahili na mchoro panapohitajika. Jozi tupu zisikubaliwe katika mambo ya umeme.

(iii) Kabla ya kusanifishwa, istilahi ijaribiwe na mafundi wenyewe walio mbali na miji mikuu. Akisoma neno aulizwe atafanya nini kwa mkono wake. Jibu lake litatuonyesha kama neno lafaa kuliko mkutano wa siku tatu.

(iv) Istilahi zilizokwisha kukubaliwa mitaani na zisizo na madhara, kama *ethi*, *fyuzi*, *inveta* na *transista*, zisifukuzwe kwa ajili ya kupenda usafi wa lugha.

(v) Kazi ya kutafsiri programu ipangwe kuwa ya kudumu na ipewe watu wa kuihuisha kila toleo linapotoka.

Hatudai kwamba mapendekezo yetu yote ni ya mwisho. Wako wasomaji watakaokuwa na neno bora kuliko *mkao*, na twawakaribisha walilete. Juu ya alama ya GND, lakini, hatuoni nafasi ya kusitasita. Neno hilo lisahihishwe katika maandishi ya mafunzo mapema iwezekanavyo, kabla halijazoeleka, kwa kuwa watakaolipa gharama ya kuchelewa kwetu ni vijana wanaoshika nyaya.